Kristo amefufuka, na keshokutwa tunarudi kazini

Wapendwa, Kristo amefufuka!

Pasaka njema kwenu mlio nyumbani na watoto, na kwenu mlioingia zamu usiku wa kuamkia leo, mkausikiliza mkesha kwenye redio ndogo yenye sauti ya chini. Muuguzi, mlinzi, dereva, fundi wa umeme: salamu hizi nimezianza kwenu.

Kila Pasaka tunawataja Petro, Tomaso na Mariamu Magdalena. Mwaka huu aliyenikaa moyoni ni Yusufu wa Arimathaya. Huyu alikuwa mtu wa vikao. Marko anasema alikuwa mjumbe wa baraza, mtu wa kuheshimika. Luka anaongeza kwamba hakuukubali uamuzi wa wenzake juu ya Yesu. Yohana, ambaye hamfichii mtu aibu, anasema alikuwa mwanafunzi wa Yesu kwa siri, kwa sababu ya hofu. Wengi wetu makazini ni Yusufu wa Yohana. Tunaamini, ila kimyakimya, hasa mkuu wa kazi akiwa karibu.

Ijumaa jioni ikafika. Walioapa kwamba hawatamwacha Yesu walikuwa wamekimbia, na Sabato ilikuwa inaingia. Marko anasema Yusufu “akafanya ujasiri”, akaingia kwa Pilato kuuomba mwili. Mwili wa mtu aliyeuawa kwa mashtaka ya kujifanya mfalme! Hapo hapakuwa na cha kupata. Maiti haimpandishi mtu cheo. Lakini mvuvi wa Galilaya angeanzia wapi kumfikia liwali? Mjumbe wa baraza aliingia. Cheo kilekile alichokuwa akikilinda kwa kunyamaza ndicho kilichompitisha mlangoni. Kisha akatokea Nikodemo, yule aliyewahi kumjia Yesu usiku, amebeba manemane na udi yapata ratili 100. Napenda kudhani kwamba alipomwona mwenzake ametoka mafichoni, naye akapata miguu.

Niseme la kwangu, maana ni rahisi kumsifu Yusufu. Kuna wakati nilikuwa natuma aya ya Biblia kila asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Siku moja kikaoni mwenzangu akabanwa kwa nini ripoti ya robo mwaka imechelewa. Ripoti ilikuwa imelala siku nne mezani kwangu. Mbele yangu palikuwa na chupa ya maji. Nilikisoma kibandiko chake mpaka herufi ya mwisho. Mwenzangu akapewa onyo, mimi nikatoka na daftari langu kwapani. Kesho yake nikatuma aya kama kawaida. Aliyejibu ni mmoja tu, yeye mwenyewe: “Amina.”

Ile Amina ilinichoma kuliko hotuba yoyote ya toba niliyowahi kusikia. Ilikuwa Kwaresima, zimebaki siku chache. Nilizunguka nayo wiki nzima, halafu Jumatano ya Wiki Takatifu nikagonga mlango wa mkuu. Onyo la mwenzangu likafutwa, nikaandikiwa mimi. Sikujisikia shujaa, nilijisikia mtu aliyechelewa. Miezi kadhaa baadaye kijana mgeni ofisini akanifuata, akaninong'oneza kwamba amekosea hesabu na hajui aanzie wapi kusema. Nikaenda naye. Sidhani kama aliwahi kuzisoma zile aya zangu.

Pale mlangoni kwa mkuu niliomba sala niliyojifunza kwa Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Mfalme alipomuuliza haja yake, Nehemia alimwomba kwanza Mungu wa mbinguni, ndipo akajibu. Mfalme yuko mbele yake anasubiri. Sala ile haikuweza kuzidi pumzi moja. Inatosha. Sala ndefu zina saa zake. Kufunga dirisha la huduma eti tunaomba, huku watu wamesimama foleni tangu alfajiri, hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Msimu huu wa Pasaka, ukipata nafasi, soma Yohana sura ya 21. Petro na wenzake wamerudi ziwani. Wamevua usiku kucha, hawajapata kitu, na ndipo Mfufuka anawatokea, wakiwa na nyavu tupu na usingizi machoni. Anawaambia watupe wavu upande wa kuume. Samaki wakubwa 153! Maana yake mtu alikaa chini akawahesabu mmoja mmoja; kazi ni kazi, hata mbele ya Bwana aliyefufuka. Naye hakuanza na mahubiri. Alikuwa tayari ana moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate, akawaita waje wafungue kinywa. Mazungumzo magumu na Petro, aliyemkana karibu na moto mwingine wa makaa, aliyaweka mpaka walipokwisha kula. Wakubwa wa kazi mnaosoma salamu hizi, hapo pasomeni mara mbili.

Basi, Pasaka njema tena. Mlioko zamu, Bwana awakute hapohapo mlipo. Na mkitoka asubuhi laleni kwanza, msihangaike kunijibu, nitawapigia jioni.