Kabla ya kulaumu tanuri, tazameni utambi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenye karakana za mbao hapa Mombasa, hasa wanaonunua au kukodi matanuri ya kukaushia mbao yenye paneli za kujiendesha, zinazodhibiti joto na unyevu. Malalamiko yao ni yale yale: mbao zimeingia nzima zikatoka zimepasuka ncha, zimepinda, au ukizipasua zinaubana msumeno. Lawama huangukia mashine, au mti wenyewe. Mara nyingi kosa liko kwenye kipande cha kitambaa cha shilingi chache.

Wapo wanaouliza tanuri la nini na jua lipo. Hewa yetu ya pwani huwa na unyevu wa karibu asilimia 75 hadi 80 sehemu kubwa ya mwaka. Ubao ulio chini ya banda hukauka mpaka unyevu wake ufike asilimia 14 au 16 ukakwama hapo, hata ukae mwaka mzima. Kwa mlango wa barazani hiyo inatosha. Kwa meza ya chumba cha hoteli chenye AC haitoshi, maana hewa ya humo itaushusha ubao hadi karibu asilimia 10. Mti ambao kwa jumla husinyaa asilimia 8 toka ubichi hadi ukavu kabisa utapoteza takriban milimita 12 kwenye meza ya upana wa milimita 900. Hapo ndipo maungio huachana.

Sasa utambi. Paneli haizioni mbao. Inachosoma ni vipimajoto viwili: kimoja kikavu, na kingine kilichovishwa utambi wa pamba unaonyonya maji kutoka kikombe kilicho chini yake. Maji yakipanda na kukauka hewani hukipoza kile cha pili, na tofauti ya viwili ndiyo inayoiambia paneli hewa ina unyevu kiasi gani. Tuseme ratiba inataka kikavu kiwe nyuzi 50 na cha utambi nyuzi 45. Hewa hapo ina unyevu wa karibu asilimia 75, na mbao hukauka taratibu. Utambi ukiwa na ganda la chumvi, maji hayapandi vizuri na kipimajoto hakipoi inavyotakiwa. Kitasoma 45 ilhali ukweli ni 42. Paneli inadhani hewa bado ni nzito, inafungua matundu, inafukuza mvuke, na unyevu unashuka hadi karibu asilimia 62 bila kengele yoyote kulia. Uso wa ubao unakauka mbio, kiini bado kimaji, mbao zinapasuka. Skrini muda wote inaonyesha namba zile zile ulizoweka.

Ndiyo maana maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za hapa yana chumvi, hayafai kabisa kwenye kikombe hicho. Tumieni maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Utambi uwe pamba tupu, usio na rangi wala nailoni, uoshwe kwa maji ya moto kabla ya kuvishwa ili wanga wa kiwandani utoke, na ubadilishwe kila shehena mpya inapoingia. Uwekwe mahali feni inapouvumia sawasawa; nyuma ya nguzo, hewa isipopita, utadanganya hata ukiwa mpya. Na kwa kuwa feni hugeuzwa upande kila baada ya saa chache, lazima kuwe na vipimo pande zote mbili za rundo, paneli ifuate ule upande ambao hewa inaingilia mbao. Hewa inayotoka kwenye rundo imeshapoa na kubeba maji. Ukiifuata hiyo, mbao za upande wa pili zitaungua kwa ukavu.

Jambo la pili ni nyaya. Vipimajoto vingi vya matanuri ni aina ya PT100, ambayo hupima joto kwa ukinzani wake wa umeme: ni omu 100 kwenye nyuzi 0, na huongezeka takriban omu 0.385 kwa kila nyuzi moja. Fundi akiunganisha kwa nyaya mbili tu, ukinzani wa nyaya unahesabiwa kuwa joto. Waya wa shaba wa 0.5 mm² kwa umbali wa mita 20, kwenda na kurudi mita 40, unaongeza karibu omu 1.4, yaani nyuzi 3.6 za uongo. Dawa ni nyaya tatu, na paneli iliyowekwa kusoma nyaya tatu. Kisha kuna hewa ya bahari: skrubu za viunganishi hushika kutu ya kijani na kuongeza ukinzani polepole, kiasi kwamba kosa la Januari silo la Juni. Fungueni kisanduku, safisheni, kazeni, na kisanduku kiwe cha kuzuia maji na vumbi.

Kupima hakuhitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Chukua barafu iliyopondwa ichanganywe na maji kidogo, tumbukiza kipimo, subiri kitulie: kisome 0. Kisha maji yanayochemka: kisome 100. Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo 100 ni 100. Mwenzetu wa Nairobi maji yake huchemka karibu nyuzi 94 na nusu, asije akarekebisha paneli yake kwa kufuata ya kwetu.

Kwa wanaotengeneza paleti za kusafirishia mizigo bandarini, nyuzi hizo 3.6 si jambo la kupuuza. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, ISPM 15, inataka mti wote, hadi kiini, ufike angalau nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo ndipo upigwe alama ya HT (umetibiwa kwa joto), ambayo hapa nchini inasimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea. Paneli ikisema 56 na kiini kiko 52.4, wadudu hawajafa, na mzigo wa mteja unaweza kuzuiwa ng'ambo. Kipimo kiingizwe kwenye tundu lililotobolewa hadi katikati ya kipande kinene kuliko vyote, kwenye kona ya tanuri inayochelewa kupata joto, na tundu lizibwe ili hewa ya moto isiingie. Saa ya paneli ianze kuhesabu upya joto likishuka chini ya 56. Kuna programu zinazosimamisha saa tu na kuendelea pale zilipoachia. Hizo hazitimizi neno mfululizo.

Kupotea kwa stima nako kuna yake. Ratiba iliyopangwa kwa saa peke yake huendelea kuhesabu hata hita zikiwa baridi; stima ikirudi, paneli inarukia hatua ya ukali zaidi na mbao bado mbichi. Bora hatua zibadilike kwa unyevu wa mbao wenyewe, na baada ya kukatika feni ziwake kwanza, hita zifuate.

Unyevu huo hupimwa kwa pini mbili zinazopigiliwa kwenye ubao. Pini zinaaminika kati ya asilimia 7 na 25 hivi. Juu ya hapo zinabahatisha, na ubao uliotiwa dawa ya chumvichumvi au uliolowa maji ya bahari zitausoma mbichi kuliko ulivyo. Jihakikishieni kwa mizani. Kata kipande cha milimita 25, si karibu na ncha ya ubao, kipime, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, kipime upya. Kikiwa gramu 250 kabla na 200 baada, tofauti ni 50. Gawanya kwa 200, unyevu ni asilimia 25. Wengi hugawanya kwa 250 wakapata 20, wakatoa mbao kabla ya wakati.

Vyuo vyetu vya ufundi navyo visikimbilie kufundisha programu za PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mitambo, kabla mwanafunzi hajajua kupima omu za kihisi na kuvisha utambi. Fundi asiyejua kipimo kinasema kweli au uongo ataandika programu safi inayotii uongo.

Na mnunuzi, kabla ya kulipa salio, dai mambo haya: grafu ya shehena ya majaribio kuanzia saa ya kwanza hadi ya mwisho, vihisi viwili vya akiba, swichi ya dharura inayokata umeme kwa waya wake yenyewe bila kupitia kompyuta, pamoja na nakala ya programu na nywila yake. Wauzaji wengine hubaki na nywila. Paneli ikipoteza kumbukumbu miaka michache baadaye na muuzaji hapatikani, tanuri zima halitafanya kazi mpaka programu iandikwe upya.

Fundi wa vidhibiti vya mitambo,
Changamwe, Mombasa