Kaka, shamba la babu tusilikate

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka mpima aje, shamba likatwe, kila mtu ashike chake na kelele ziishe. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa familia nyingi zimekwama palepale tulipokwama sisi, na kwa kuwa kwenye simu huwa tunakatizana.

Tuanze na hati. Jina lililomo ni la babu, limepigwa taipu, na kona moja imeshaliwa na mchwa. Baba alilima maisha yake yote ardhi ambayo kwenye daftari la serikali haikuwahi kuwa yake. Kwa hiyo mpima akija leo atakuwa anagawa mali ya marehemu. Ifunguliwe kwanza mirathi ya babu, apatikane msimamizi, warithi watajwe wote, ndipo ifuate ya baba. Ukiruka ngazi hapo, wajukuu watarithi kesi pamoja na ardhi.

Nikisema wote, na shangazi yumo. Hakuna siku aliyolikana fungu lake. Ni sisi tuliozoea kutomhesabu eti kwa kuwa aliolewa. Mrithi aliyefichwa akijitokeza baadaye mahakamani, mgao mzima unaweza kubatilishwa.

Sasa piga hesabu. Eka 12, watoto wa babu 4: eka 3 kila mmoja. Fungu la baba tuko 3, basi eka 1 kwa kila mtu. Wanao wanne wakishika ya kwako, ni robo eka kwa kila mmoja. Nani atalima robo eka akaishi? Hicho ni kiwanja. Halafu kumbuka kisima kiko bondeni na barabara iko juu. Ukikata kwa upana, wa juu hawana maji na wa chini hawana pa kutokea. Ukikata kwa urefu, unapata vipande vyembamba ambavyo trekta haiwezi hata kugeuzia. Na kila njia ya kupita utakayoiacha inakula shamba lilelile.

Norwe wana sheria ya zamani inayompa mtoto wa kwanza haki ya kulichukua shamba lote la familia, ila awalipe wenzake. Naona umeshatabasamu, maana mkubwa ni wewe. Lakini kwao anayelichukua kwa haki hiyo hutakiwa pia kuhamia na kulilima kwa miaka 5. Uko tayari?

Ninachokuomba ni kitu cha namna hiyo. Fungu letu libaki kipande kimoja, tuandikwe sote kwa hisa, kila mtu na sehemu yake. (Someni kabla ya kusaini: upo umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa sehemu yake huenda kwa wenzake walio hai, watoto wake wakabaki mikono mitupu.) Anayelima awalipe wengine kodi kila msimu, kwa mkataba wa maandishi. Mwenye kutaka kuuza hisa aanze kwa ndugu, na ndugu wapewe muda wa kulipa kidogo kidogo. Bei ipangwe kwa kile shamba linachozalisha. Ukiipanga kwa bei ya viwanja, hakuna mkulima atakayeweza kuwalipa nduguze, na mwisho wake atanunua mtu wa nje.

Najua utasema najitetea kwa kuwa anayelima ni mimi. Ndiyo, najitetea. Ndiyo maana nataka hiyo kodi iandikwe, usije ukaniona nakula peke yangu.

Kuhusu miti niliyopanda baada ya baba kufariki, naona thamani yake isiingie kwenye bei, ama sivyo mtakuwa mnaniuzia jasho langu mwenyewe. Hapo utabisha, na ubishe tu, tutaongea. Ila kabla ya lolote nitumie nakala ya cheti cha kifo cha babu. Kiko kwenye lile faili ulilolichukua, na bila hicho mirathi haifunguliwi.

Mdogo wako.