Tope la mitaroni liondolewe siku ile ile ya usafi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze niliyoyaona Kigali, mji mkuu wa Rwanda, nilikokwenda hivi karibuni kwa mara ya kwanza kuhudhuria harusi ya ndugu yetu, kwa kuwa naamini yapo mambo ambayo halmashauri zetu zinaweza kuyafanya bila kusubiri wafadhili.

Msafiri wa basi kutoka Kanda ya Ziwa huingia Rwanda kwa daraja la Rusumo, juu ya Mto Kagera, na akishavuka tu magari huhamia upande wa kulia wa barabara. Mizigo nayo hukaguliwa, na mifuko ya plastiki huchukuliwa, kwani imepigwa marufuku huko tangu mwaka 2008, wakati sisi Tanzania tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Katika basi letu abiria walihamishia vitu vyao kwenye mifuko ya karatasi bila mabishano yoyote.

Wengi husifu maua na lami ya Kigali. Mimi nilivutiwa zaidi na mitaro. Mji ule umejengwa juu ya vilima, na mvua ikinyesha maji huteremka kwa nguvu, hivyo mtaro ukiziba nyumba za bondeni ndizo zinazoumia. Mitaro niliyoipita kwa miguu, hata katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, haikuwa na chupa wala maganda ya ndizi. Alfajiri wanawake waliovaa vizibao vinavyong'aa hufagia kando ya barabara, nayo ni kazi yao ya kulipwa. Waendesha pikipiki hubeba abiria mmoja tu, na hawaondoki kabla abiria hajavaa kofia ngumu. Mshikaki tuliouzoea huku, yaani kupakia abiria wawili au zaidi kwenye pikipiki moja, sikuuona hata mara moja.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ilinikuta huko. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa na wakazi wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka kwenye umuganda, yaani kazi ya pamoja, ambayo kwa sheria asiyeshiriki bila sababu anaweza kutozwa faini. Niliungana na wenyeji wangu kuzibua mtaro. Jambo lililonigusa ni kwamba tope lote lilipakiwa kwenye gari na kuondolewa kabla wakazi hawajakaa kwenye mkutano wa mtaa unaofuata kazi hiyo.

Sisi pia tunayo Jumamosi yetu. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliamua Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, iadhimishwe kwa usafi badala ya gwaride, na baadaye Jumamosi ya mwisho ya mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Watu wa mtaa wetu hutoka kweli, wazee kwa vijana, wakiwa na majembe na mafagio. Lakini tope wanalolitoa hurundikwa pembeni mwa mtaro, gari halionekani kwa wiki nzima na zaidi, kisha mvua ya kwanza hulirudisha lote mtaroni, ilhali kila kaya imelipa ada ya taka ya mwezi. Mtu aliyefanyiwa hivyo mara kadhaa akibaki nyumbani Jumamosi inayofuata, mimi siwezi kumlaumu.

Wapo watakaosema kuwa Rwanda ni nchi ndogo inayotawaliwa kwa mkono mzito, na hoja hiyo ina uzito. Uchuuzi wa barabarani umepigwa marufuku Kigali, na anayenunua kwa mchuuzi naye hutozwa faini; nisingependa kuona machinga na mama lishe wetu wakifukuzwa hivyo kwa jina la usafi, kwa sababu riziki ya familia nyingi iko mikononi mwao. Hata hivyo, kupeleka gari la taka siku ambayo wananchi wanazibua mitaro hakuhitaji kumfukuza mtu yeyote.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zibandike kwenye ofisi za serikali za mitaa ratiba ya magari ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ikionyesha mtaa, saa na namba ya simu ya msimamizi, na wenyeviti wa mitaa wasomewe kwenye vikao vyao ni mitaa ipi gari halikufika na kwa sababu gani.

Msomaji wako,
Kanda ya Ziwa, Tanzania