Pampu za majengo ya ufukweni zikaguliwe kwa kufuata bamvua

Ndugu Mhariri,

Dar es Salaam ina majengo ya ufukweni yanayokusanya maduka, ofisi, migahawa na makazi, na baadhi yana maegesho ya magari chini ya ardhi. Aghalabu ratiba ya kukagua pampu za kutoa maji huko chini huwa ni kila mwisho wa mwezi, kana kwamba jengo liko Dodoma. Mvuvi wa Msasani angetushangaa.

Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na kilele cha kujaa huangukia karibu saa 10, alfajiri na jioni. Maji ya ardhini karibu na ufuko hupanda nayo, yakichelewa kidogo. Bamvua za Machi na Aprili ni miongoni mwa kubwa zaidi za mwaka, na ndipo masika inapoingia: mdomo wa mtaro ukishazamishwa na bahari, maji ya mvua hayana pa kutokea.

Kwa hiyo ukaguzi ufanyike siku mbili au tatu kabla ya kila bamvua, na matengenezo makubwa yangoje maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo, shimo la pampu linapokuwa rahisi kukaushwa.

Kukagua si kutazama taa ya kijani kwenye paneli. Inua maboya, yaani swichi zinazoelea na kuwasha pampu maji yakipanda, kwa mkono, moja baada ya jingine: pampu ya kwanza iwake, kisha ya pili, kisha king'ora. Zima umeme wa gridi uone kama jenereta inazibeba kweli. Pampu za maegesho husahaulika kirahisi mizigo ya umeme wa jenereta inapogawanywa. Badilisha zamu, maana pampu iliyopumzishwa miezi kadhaa kwenye maji ya chumvi hukwama. Pima ampea, yaani umeme unaovutwa na mota. Zikizidi zile za kwenye kibati cha mota, kuna kilichonasa au beringi zimechoka. Zikipungua sana, huenda impela, gurudumu linalosukuma maji, imelika au pampu inavuta hewa. Pampu ikiwaka na kuzima kila dakika chache, shuku vali ya kuzuia maji kurudi: yaleyale yaliyosukumwa yanateremka tena shimoni, na mota itaungua. Mnyororo wa kuinulia nao uangaliwe. Uwe wa chuma cha pua cha daraja la 316, kwani 304 huliwa haraka na chumvi.

Shimo la majitaka lina adui wake, mafuta ya migahawa. Mtego wa mafuta usafishwe mafuta na tope vikifika robo ya kina chake, bila kungoja harufu. Yakipita hapo huganda kwenye boya, nalo huacha kupanda. Samaki amekaangwa chini, anayekosa choo ni mpangaji wa ghorofa ya nane!

Wapangaji wanaolipa tozo ya huduma waombe kuona daftari la pampu. Liwe na tarehe, saa, ampea za kila pampu na jina la fundi. Likiwa na alama za vema tu, boya halijainuliwa.

Fundi wa majengo,
Msasani, Dar es Salaam