Makungwi wapya, mwali mfundeni na kukataa

Wanangu mnaowafunda wali,

Jumamosi nilialikwa kicheni pati Dar es Salaam. Nikakaa nyuma na kanga zangu, nisikilize. Mmoja wenu akashika kipaza sauti, akamwambia bibi harusi: "Mume hanyimwi. Uumwe, uchoke, umpe." Ukumbi mzima vigelegele. Mtoto wa watu akainamisha kichwa. Chakula kilinishinda.

Nani kawafunda hayo? Mimi somo yangu, kungwi aliyenifunda huko Tanga, alinivisha shanga akanieleza kila rangi. Nyekundu zikiwa juu ya mto, mume anajua niko mwezini, anageukia ukutani wala hanung'uniki. Nyeupe, karibu. Shanga zilisema "leo hapana" mdomo haujafunguka, na mwanamume aliyepita jandoni alizisoma. Nyinyi mmebaki na shanga za kuchezea kiuno, maana yake mmeitupa.

Nilikuwa na mwali, miezi mitatu baada ya harusi akaja kwangu usiku. "Somo, nalala kama gogo mpaka amalize." Nikamwita mumewe, tukaketi barazani. Kijana wa watu alitokwa na machozi. Hakuwa mkatili, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kimya si ridhaa, na kwamba mwili uliokakamaa unakataa. Nikamwambia: muulize, na akisema la, mpikie chai mlale. Baadaye yule binti alinitania kwamba sasa yeye ndiye anayemwamsha mwenzake.

Na msitegemee mahakama iwafanyie kazi yenu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inamkamata anayemwingilia mwanamke bila ridhaa, lakini kwa wake imemtaja aliyetengana na mumewe tu. Aliye ndani ya chumba, mlango umefungwa, nchi imemwacha. Inaniuma kila nikiikumbuka.

Mengine mnayajua. Wapimeni wote wawili kabla ya ndoa. Akilewa, hakuna ridhaa. Picha za chumbani zisiingie kwenye simu. Binti wa miaka 15 msimpokee hata baba yake akiwapigia magoti. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kwamba kumruhusu binti wa umri huo aolewe ni kinyume cha Katiba.

Na bwana harusi, kwa nini hafundwi na mtu? Tunamkabidhi suti na mbuzi, basi.

Jumamosi ijayo kuna mwali Temeke. Nitakuja mapema. Naomba nikae naye chumbani, sisi wawili, kabla hamjawasha muziki.

Somo yenu,
Tanga