Jumamosi ni zamu ya Mako

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa kumi kamili tutamzungumzia Mako, mwigizaji wa jukwaani aliyezaliwa Kobe, Japani, mwaka 1933, akakulia sanaa Marekani. Waigizaji wenye asili ya Asia walikuwa wakipewa nafasi za watumishi na wahalifu, basi mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha kundi la maigizo la East West Players mjini Los Angeles. Miaka ya mwanzo waliigiza kwenye chumba cha chini cha kanisa!

Ninachompendea zaidi: alimhimiza mwandishi Wakako Yamauchi, aliyewekwa kambini Poston, Arizona, Marekani ilipowafungia watu wenye asili ya Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ageuze hadithi yake fupi kuwa tamthilia. Ikapanda jukwaani 1977.

Mlioomba kusoma kwa sauti, njooni mmejiandaa tafadhali.