Barua ya wazi kwa vijana wachoraji: msiukatae mkono msioujua

Wanangu wachoraji,

Hamjambo. Nimesikia kwamba mmegoma kunakili picha za kale. Mnasema Rokoko, ule mtindo wa madaha wa Ufaransa ya karne ya 18, ni mapambo ya mabibi wa kasri, Urasimi Mpya, mtindo ulioufuata kwa kuwaiga Wagiriki na Warumi wa kale, ni sanamu za mawe zilizopakwa rangi, na kwamba ninyi ni watu wa Ulimbwende, mtindo wa hisia uliokuja baadaye: mnataka kuchora moyo ulivyo, basi. Mwalimu wenu hakuniomba niwakemee. Naandika kwa hiari yangu, tena hadharani, kwa kuwa najua mko wengi kuliko wale ninaowafahamu kwa sura.

Nilipokuwa na miaka 22 nilimwambia mwalimu wangu, mbele ya darasa zima, kwamba mkono wake umepitwa na wakati. Alikusanya karatasi zake akatoka. Katika watu wote niliowajua, ni yeye tu aliyeweza kuchora ngumi iliyofumbwa bila kufuta hata mstari mmoja. Sikujifunza kwake. Nimezeeka na ngumi bado zinanishinda.

Tuanze na huyo mnayemdharau kuliko wote, mchoraji Mfaransa wa Rokoko, Jean-Honoré Fragonard. Karibu mwaka 1767 alichora bembea. Ni picha ndogo, sentimita 81 kwa 64, na sasa iko London. Binti wa gauni la waridi amepaa hewani, kiatu kimemchomoka kinaruka. Nyuma yake, kivulini, mzee anavuta kamba. Chini, kijana amejilaza vichakani anamtazama. Mada yenyewe ni mchezo wa watu wenye nafasi, sitaitetea. Lakini angalieni kazi. Bustani nzima ni kijani na samawati, miti imetoka kama povu, na rangi yenye joto ameiweka mahali pamoja tu, kwenye lile gauni. Jicho halina pengine pa kwenda. Anayeweza kuliongoza jicho namna hiyo msimwite fundi wa mapambo kabla hamjajaribu wenyewe.

Fragonard alionja machungu ya kuachwa na wakati. Alichora picha kubwa nne za mapenzi kwa ajili ya nyumba ya Madame du Barry, kipenzi cha mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa. Mwaka 1773 zikarudishwa, na kazi akapewa Joseph-Marie Vien, mchoraji wa Urasimi Mpya. Watu walikuwa wamechoka na mapovu na mawaridi. Miji ya Kirumi ya Herculaneum na Pompeii, iliyofukiwa na volkano zamani, ilikuwa imeanza kufukuliwa, ya kwanza mwaka 1738 na ya pili 1748, na kila aliyejiona ana akili alitaka mistari iliyonyooka ya Warumi.

Sasa shikeni uzi huu, maana ndio ulionifanya nikamate kalamu. Fragonard alifunzwa na François Boucher, bwana mkubwa wa Rokoko. Kijana mwingine alipopelekwa kwa Boucher, ambaye walikuwa na udugu wa mbali, mzee huyo akamwelekeza kwa Vien. Kijana huyo ni Jacques-Louis David, ndiye aliyekuja kuifukia Rokoko. Kumbe aliyemwonyesha njia ni mkuu wa Rokoko mwenyewe! David alishindania tuzo ya kwenda Roma akashindwa zaidi ya mara moja, hadi akajifungia asile chakula. Akaipata mwaka 1774. Picha yake ya kiapo cha ndugu watatu wa Horatii, mashujaa wa Roma ya kale, aliyoichorea Roma mwaka 1784, ni kinyume cha ile bembea katika kila kitu: matao matatu matupu, mikono mitatu imenyooshwa kuzielekea panga, na wanawake wamelegea pembeni kwa majonzi. Hakuna jani hata moja.

Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. David akawa mtu mwenye nguvu, hata akapiga kura mfalme auawe. Fragonard alikuwa mzee wa mtindo uliolaaniwa, mchoraji wa matajiri waliokuwa wakikimbia au kukatwa vichwa. Mnadhani David alimfanyaje? Alimsaidia kupata kazi katika usimamizi wa jumba jipya la makumbusho la Louvre. Na mtoto wa Fragonard, Alexandre-Évariste, akasomea uchoraji kwa huyo huyo David. Wanangu, mimi hapa huwa nasimama kidogo. Walipingana kwa brashi, lakini hawakunyimana heshima.

Na Ulimbwende wenu je? Théodore Géricault, mchoraji wa Ulimbwende, alifundishwa na Pierre-Narcisse Guérin, mtu wa Urasimi Mpya kamili. Eugène Delacroix, mwenzake wa Ulimbwende, naye alipitia mikononi mwa Guérin. Mwaka 1816 merikebu ya Méduse ilikwama nje ya pwani ya Mauritania, chini ya nahodha aliyepewa cheo kwa upendeleo. Watu wapatao 147 walisukumiwa kwenye chelezo. Baada ya siku 13 waliokolewa 15. Alipoamua kuichora chelezo hiyo, Géricault hakukaa akingoja moyo umwambie. Aliwahoji walionusurika, akamtafuta fundi seremala wa merikebu ile amtengenezee mfano wa chelezo, akachora viungo vya maiti, akanyoa nywele zake asipate hamu ya kutoka nje.

Nilibahatika kusimama mbele ya turubai hilo mara moja maishani. Upana wake unapita mita 7. Miguu ya maiti iko karibu na uso wako. Nilipotazama kwa muda ndipo nikaona jambo nililokuwa silioni vitabuni: watu hawa wameshinda njaa siku 13, ilipasa wawe mifupa, lakini migongo yao imejaa, misuli imechongeka kama ya sanamu za Kirumi. Ule ni mkono wa darasa la Guérin. Bila migongo ile, kilio cha picha kisingepanda kutoka kwenye maiti za chini hadi kwa mtu mweusi aliye juu kabisa, anayepunga kitambaa kuiita meli. Aliyekaa mbele ya Géricault kwa ajili ya mtu huyo ni Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo.

Chukueni penseli laini. Nakilini mgongo wa Joseph, kisha mkono mmoja wa Horatii, kisha kiatu kile kinachoruka, kwa mpangilio huo huo wa kurudi nyuma. Msiharakishe kiatu; ndicho kigumu kuliko vyote. Nitapita karakanani kwenu Jumamosi asubuhi kuviona. Na mwalimu wenu akiwepo, mpeni kiti cha mbele.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa uchoraji